Vibanio vitatu vyekundu: kisa cha fundi cherehani wa Moshi aliyezidiwa na kazi

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba niliteremka Moshi saa nne asubuhi nikitokea Arusha. Nilipanga kumsalimia dada yangu kwenye kibanda chake cha ushonaji karibu na soko la Mbuyuni, kisha nipande kijijini kwa mama. Kijijini nilifika usiku. Nilipoingia kibandani nilikuta wateja watatu wamekaa kwenye benchi, hakuna anayeongea. Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anachambua lundo la vitambaa kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka kwenye mchele.

Alikuwa anatafuta mikono ya gauni.

Gauni lenyewe lilikuwa la kitenge, limeshashonwa mwili, zipu imeingia, kola imekaa vizuri sana. Mikono ya lesi haikuonekana. Mwenye gauni, dada wa makamo hivi, alikuwa anaangalia simu yake kila dakika. "Fundi," alisema kwa upole ambao ulikuwa mzito kuliko ukali, "sendofu ni leo saa kumi. Kitambaa nilikuletea mwezi wa kumi."

Mkono mmoja ulipatikana chini ya furushi la sare za kwaya. Wa pili ulikuwa umeshaunganishwa kwenye blauzi ya mteja mwingine kabisa, kwa sababu lesi zilifanana rangi na vipande vyote vilikuwa vimekatwa siku moja, vikafungwa pamoja. Dada alikaa, akafumua mkono ule tundu kwa tundu kwa wembe, akaupima upya, akaushona. Binti anayejifunza kazi kwake alikuwa anapuliza makaa ya pasi maana umeme ulikuwa umekatika. Gauni lilitoka saa tisa na nusu, upindo wa chini umeshikizwa kwa mkono, haraka haraka. Mteja alilipa pesa yote iliyobaki, akaweka gauni kwenye mfuko, akatoka bila kusema lolote. Wale wawili kwenye benchi waliambiwa warudi Jumatano.

Walipoondoka dada aliniangalia, macho yamemjaa machozi. "Mdogo wangu, mimi si muongo."

Naandika kisa hiki kwa sababu ya sentensi ile. Kila mmoja wetu ameshatoa kitambaa kwa fundi akaambiwa "njoo kesho", na wengi wetu tumeshaamua kwamba mafundi ndivyo walivyo. Mimi nimemwona mmoja kwa karibu, anaamka saa kumi na moja, anafunga saa moja jioni, hanywi, hachezi, anaipenda kazi yake, na bado ahadi zake zote zinavunjika. Nilitaka kujua kwa nini.

Tulichokikuta sakafuni

Jioni ile tulifunga mlango na kutandaza kila kitu. Ilituchukua saa mbili. Zilikuwa nguo 37: nane hazijaguswa, 21 zimekatwa au zimeshonwa nusu, tatu zimerudishwa kurekebishwa, na tano zimekamilika zinasubiri wenyewe. Ukiondoa hizo tano, kulikuwa na kazi 32 ambazo hazijaisha. Dada alipoisikia namba hiyo alinyamaza kwa muda. Yeye alidhani ni kumi na tano hivi.

Hizo 21 ndizo zilizonishangaza. Nilimuuliza kwa nini akate nguo ambayo hataishona wiki hii. Jibu lake lilikuwa la wazi: "Ukishakata, mteja hawezi kukuondokea." Kitambaa kizima kinaweza kuchukuliwa na kupelekwa kwa fundi mwingine. Kilichokatwa kimeshaingia kwenye ndoa. Halafu mteja akija kuulizia, fundi anamwonyesha vipande na kusema, bila kudanganya, "nimeshaanza yako". Kwa hiyo dada alikuwa anaanza kila nguo iliyoingia ili kila mteja atulie, na kwa kufanya hivyo alikuwa anajaza chumba nguo ambazo hakuna hata moja inayotoka.

Tulifungua daftari lake la vipimo na malipo. Wiki nne zilizopita zilikuwa zimetoka nguo 44, yaani 11 kwa wiki. Sasa fanya hesabu: 32 zilizomo, 11 zinatoka kwa wiki. Nguo inayoingia leo, ikifuata foleni, itatoka baada ya wiki tatu hivi. Hesabu hii ina jina la Mmarekani John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: muda wa kusubiri, kwa wastani, ni sawa na idadi ya kazi zilizomo ukigawa kwa kasi ya kutoka. Inafanya kazi benki, hospitali, na kwenye kibanda chenye cherehani moja. Dada alikuwa anamwambia kila mteja "Jumamosi ijayo", tena kwa moyo safi, kwa sababu gauni moja humchukua nusu siku tu na Jumamosi iko mbali. Alikuwa anaipima nguo peke yake bila kuiona foleni iliyo mbele yake.

Na huu ulikuwa mwishoni mwa Novemba, Moshi. Anayeijua Moshi anajua maana yake. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, mabasi yanajaa, na kwa kuwa ndugu wote wako mlimani, harusi, ubarikio na kuvalishana pete vinapangwa wiki hizohizo. Januari shule zikifunguliwa zinakuja sare. Wiki tatu zilizokuwa mbele yetu ndizo zinazobeba mwaka wake.

Manila iliyoshindwa

Mimi nafanya kazi Arusha, ofisi ya safari za watalii. Kwenye ukuta wetu kuna ubao mweupe mkubwa: kila mstari ni safari moja, na kando yake namba ya gari, dereva, vibali vya hifadhi, siku ya kuingia na ya kutoka. Mtu akiingia ofisini anajua hali ilivyo ndani ya nusu dakika. Basi nikaona dawa ninayo. Jumapili baada ya ibada nilinunua manila mbili, makapeni na vikaratasi vya kunata, nikachora safu tatu: zinazosubiri, zinazoendelea, zilizokamilika. Kazi 32 zikapanda ukutani. Ilipendeza. Nikarudi Arusha nimeridhika.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu siku mbili mfululizo, na siku ya tatu akaniambia ukweli. Vikaratasi vinadondoka: mvuke wa pasi, vumbi la nyuzi, na umeme ukirudi feni inavipeperusha. Kimoja kilikutwa kimeganda kwenye suruali ya mteja. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwamba safu ya zinazoendelea ilikuwa na karatasi 24. "Sasa naziona zote," alisema, "na nikiziona moyo unanidunda. Bora nilivyokuwa sizioni." Mwisho wa wiki nguo zisizoisha zilikuwa bado 32; zilizotoka zilizibwa na zilizoingia.

Nilikosea, na kosa lenyewe linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu naliona kwa watu wengi wanaotengeneza ubao wa kazi, wawe na manila au programu ya simu. Nilidhani kazi ya ubao ni kuonyesha. Ubao wa ofisini kwetu unaonekana kama unaonyesha tu, lakini ndani yake kuna kizuizi ambacho sikuwahi kukifikiria: magari. Tukiwa na magari sita, safari ya saba haiandikiki siku hiyo hata bosi akitaka. Atakodi gari au atamwambia mgeni abadili tarehe. Ubao wa dada haukuwa na magari. Ungeweza kupokea karatasi mia.

Huko mambo haya yalikoanzia kizuizi ndicho kilichokuwa moyo wake. Kiwandani Toyota, Japani, miaka ya mwanzo ya 1950, mhandisi Taiichi Ohno alitumia kadi zilizoitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao cha ishara. Wazo alilitoa kwenye maduka makubwa ya Marekani, ambako bidhaa inaongezwa kwenye shelfu pale tu mteja anapochukua iliyokuwepo. Kadi ilisafiri na kasha la vipuri; vipuri vikitumika, kadi inarudi nyuma, na kurudi kwake ndiyo ruhusa ya kutengeneza vingine. Hakuna kadi, hakuna kutengeneza. Miaka mingi baadaye watengenezaji wa programu za kompyuta waliichukua, David Anderson akiwa mmoja wa waanzilishi, na kisha Jim Benson na Tonianne DeMaria wakaipeleka kwenye kazi za mtu binafsi kwa kanuni mbili tu: ione kazi yako, na uweke kikomo cha kazi zilizo mkononi. Mimi nilikuwa nimempelekea dada kanuni ya kwanza na kumnyima ya pili.

Vibanio

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Safari hii nilikaa nikamwangalia akifanya kazi kwanza, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikaangalia saa. Kutoka alipoweka chini blauzi hadi alipopiga mshono wa kwanza wa sketi zilipita dakika 12: kubadili uzi wa juu, kubadili bobini, kutafuta vipande, kufungua daftari kusoma tena vipimo, kukumbuka mteja alitaka mpasuo nyuma au pembeni. Kwa siku alikuwa anabadilisha hivyo mara sita au saba, kwa sababu kila mteja aliyepiga simu alihamisha mikono yake kwenda kwenye nguo ya huyo aliyepiga.

Nikamwekea mfano mezani kwa vipande vitatu vya chaki. Una magauni matatu, kila moja ni kazi ya siku moja. Ukishona moja hadi mwisho ndipo ushike jingine, la kwanza linatoka Jumatatu, la pili Jumanne, la tatu Jumatano. Ukigusagusa yote matatu kila siku, yote yanatoka Jumatano. Wa tatu hajapoteza kitu, na wawili wa mwanzo wamevaa nguo zao mapema. Aliviangalia vile vipande vya chaki, akavipanga mwenyewe mara mbili.

Ubao uliofuata aliubuni yeye. Tulitoa manila. Tulifunga kamba tatu za katani ukutani juu ya cherehani, msumari hadi msumari. Kamba ya juu ni foleni, ya kati ni mkononi, ya chini ni zilizokwama. Zilizokamilika hazikuhitaji kamba kwa sababu zinatundikwa kwenye henga na mtu anaziona. Badala ya karatasi za kunata alikata vipande vya boksi la viatu ukubwa wa kiganja, na kwenye kila kipande akapachika kwa pini kijitambaa kutoka kwenye mabaki ya nguo yenyewe. Jina la mteja na tarehe viliandikwa nyuma. Mbele ni kitenge chenyewe, lesi yenyewe, kaki ya sare yenyewe. "Mimi siwajui wateja kwa majina," aliniambia, "nawajua kwa vitambaa." Ningekaa Arusha mwaka mzima nisingefikiria hilo.

Vibanio vya nguo ndivyo vilivyokuwa kizuizi. Foleni ilipewa vibanio vya mbao, vingi. Kamba ya kati ilipewa vyekundu vitatu tu. Nguo haikatwi mpaka kuwe na kibanio chekundu kitupu, na kibanio hakiwi kitupu mpaka nguo ipigwe pasi na kutundikwa kwenye henga. Vyekundu vingine vyote vilivyokuwemo kwenye pakiti niliondoka navyo mfukoni.

Zile 21 zilizokwisha katwa zilitusumbua. Hatukuweza kuzirudisha kuwa kitambaa. Kila moja ilifungwa kwenye mfuko wake pamoja na kadi yake, ikarudishwa foleni kwa tarehe ya ahadi, na makubaliano yakawa kwamba hakuna mpya itakayokatwa hadi hizo ziishe. Vipande vya nguo mbili havitawekwa tena mfuko mmoja hata vikifanana rangi.

Kamba ya chini ilifundisha mengi. Ndani ya siku tatu ilikuwa na kadi tano: mbili zinasubiri wateja waje kujaribu, moja inasubiri bitana ambayo mteja aliahidi kuleta, moja zipu ndefu isiyopatikana, moja malipo. Zamani hizi zote zingehesabika kuwa dada anachelewesha. Sasa kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye mashine aliangalia kamba ya chini kwanza, akapiga simu. Mteja aliyezoea kumpigia fundi akaanza kupigiwa na fundi: "Shikamoo mama, gauni lako linakusubiri ulijaribu, leo unapita?" Wengine walishtuka.

Msiba hauna foleni

Hapa ndipo nilidhani mpango utavunjika. Mafundi wanaishi na kitu ambacho ofisi nyingi hazikijui: msiba. Mtu akifariki Jumanne, Ijumaa au Jumamosi ni mazishi, na familia inataka nguo za kitambaa kimoja. Hakuna fundi Moshi anayeweza kumwambia mfiwa "foleni yangu ni wiki tatu". Wala hafai kumwambia hivyo.

Dada aliweka kibanio cha nne, cheusi. Kinakaa mwisho wa kamba ya kati na kinakaa kitupu. Msiba ukiingia unakichukua, na moja ya nyekundu inasimama hadi umalizike. Ila kwa kuwa kibanio cheusi ni kimoja, msiba wa pili ukija wakati wa kwanza haujaisha, anampeleka mhusika kwa fundi jirani waliyekubaliana kusaidiana. Desemba ile ilikuja misiba miwili, bahati nzuri wiki tofauti. Wateja wa kawaida nao walijaribu. Mmoja alisema yake ni dharura kwa sababu shemeji yake anatua kutoka Ulaya. Dada alinyoosha kidole kwenye kibanio cheusi, akamweleza ni cha nini, na yule mama akasema, "Hapana fundi, hicho usikiguse kwa ajili yangu." Kanuni iliyoko kichwani mwa fundi mteja angeibishia. Hii iliyoning'inia ukutani, mama yule aliitetea yeye mwenyewe.

Kazi zisizo na kitambaa

Wiki ya kwanza ya vibanio zilitoka nguo 10, chini ya wastani wake. Nikaogopa. Tulipoipitia kwa simu ilionekana kwamba Jumanne mchana alipotelea kwenye hesabu za VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, maana yeye ndiye mweka hazina, na Alhamisi nzima alimpeleka mama kliniki ya presha. Hakuna kati ya hayo lililokuwa ukutani. Tulikuwa tumepanga kana kwamba ana siku sita za kushona, na hajawahi kuwa nazo. Ana nne na nusu.

Kwa hiyo zikaongezwa kadi zisizo na kijitambaa, za boksi tupu: hesabu za kikundi, kliniki ya mama, mazoezi ya kwaya, siku ya kwenda shambani kuangalia migomba. Nazo zinadai kibanio chekundu kama nguo. Hili lilimgusa kuliko yote. Miaka yote alihesabu hizo kuwa si kazi, kisha akajilaumu kwamba siku imeisha bila kazi. Kwa mtu yeyote anayetaka kujaribu ubao wa namna hii, ningemwomba aanzie hapa, kwenye kazi za nyumbani, za wazazi na za jamii, hasa akiwa mwanamke, kwa sababu ndizo zinazokula siku bila kuandikwa popote.

Wiki ya pili zilitoka 13, ya tatu 14. Sitaki kuusifu ubao kupita kiasi: wiki hizo mbili alifunga saa tatu usiku, na binti alishika pasi na vifungo karibu peke yake. Lakini hakuna kipande kilichopotea, na hakuna nguo iliyofumuliwa kwa kushonwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Wiki zile tatu alipokea kazi mpya tisa tu, zikiwemo za misiba. Wateja 11 waliondoka na vitambaa vyao baada ya kuambiwa tarehe ya kweli. Hiyo ni pesa, na iliuma. Jioni moja alinipigia akiwa na wasiwasi kwamba anafukuza riziki. Nilimuuliza kama ange­wapokea angewashonea lini. Akanyamaza. Tarehe 24 Desemba alifunga akiwa amebakiza kazi nne, zote za Januari, na wenyewe wanajua ni za Januari.

Mteja wa gauni la mikono ya lesi hajarudi. Dada alimtumia ujumbe wa kuomba radhi, akamwahidi kumshonea upindo ule upya bila malipo. Ujumbe umesomwa.

Nilipita tena wiki ya pili ya Januari. Kamba ya juu ilikuwa imejaa kaki, samawati na kijani ya masweta, vijitambaa vidogo vya sare za shule. Mzazi mmoja aliuliza lini, na dada, badala ya kujibu, alihesabu kadi kwa ncha ya mkasi kutoka kulia kwenda kushoto, akasema, "Jumatano ijayo, saa kumi." Mzazi akaandika kwenye simu.

Binti alisubiri mzazi aondoke. "Mama," alisema, "na mimi naomba vibanio vyangu." Sasa anashona sketi za shule mwenyewe na amechoka kubanwa kwenye foleni ya dada. Dada alinigeukia, akanyoosha mkono niwape vile vyekundu nilivyoondoka navyo Desemba. Vilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Akampa viwili, akanirudishia vilivyobaki.